Kichwa kinachorudi: tuhesabu kwanza, ndipo tumeze



Kati ya maswali mnayotuletea baada ya mikutano, kuna moja linalorudi karibu kila juma: “Kichwa kinaniuma sana, kinaacha, kisha kinarudi. Nimekwisha kumeza kila dawa. Nifanye nini tena?” Majibu ambayo mama huyo anapewa mtaani tunayajua. Mmoja anamwambia ni malaria. Wa pili anasema ni mawazo mengi. Wa tatu anamnong’oneza kwamba wamemtilia karuho. Mume anafikiri anakimbia kazi. Na muuza dawa wa kona anamkatia vidonge vinne, anavifunga ndani ya karatasi, bila kumuuliza hata neno moja.

Leo tuongee juu ya kichwa hicho. Kina jina, kina dawa, na kuna njia ya kukifuata mpaka kipungue. Lakini njia hiyo haianzii kwenye farmasi. Inaanzia kwenye daftari dogo la shule na kalamu moja. Tutaona kwa nini.

Ni kichwa cha namna gani?

Kuna kichwa ambacho kila mtu anakijua. Umekosa usingizi, una mafua, umeshinda juani: kinauma, kinapita. Kuna kingine kinachobana pande zote kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu, lakini bado unaweza kupika na kufua. Hicho mara nyingi kinatoka kwa uchovu na mahangaiko.

Tunachokisema leo ni tofauti. Kwa Kiswahili kinaitwa kipandauso. Kwenye karatasi ya hospitali munganga anaandika migreni. Mara nyingi kinashika upande mmoja, karibu na jicho au kwenye panja, na kinapigapiga kama mtu anayetwanga sombe ndani ya kichwa. Ukitembea au ukipanda ngazi kinazidi. Mwanga unachoma macho, kelele za watoto zinakuwa kama nyundo, harufu ya mafuta inayokaangwa inageuza tumbo. Wengine wanatapika. Kisipotibiwa, kinaweza kukaa kuanzia masaa 4 hadi siku 3, kisha kinaondoka, na mama anasimama tena kana kwamba hakuna kitu kilichotokea. Ndiyo maana majirani hawamwamini.

Wengine wanapata ishara kabla ya maumivu: wanaona mistari inayometameta, au shimo katikati ya kile wanachotazama, au ganzi inayopanda polepole kutoka vidoleni mpaka mdomoni. Ishara hizo zinakaa dakika 5 hadi 60, halafu zinapotea. Mkumbuke ishara hizo, tutazirudia tutakapofika kwenye uzazi wa mpango.

Duniani, karibu mtu 1 kati ya 7 ana ugonjwa huu, na wanawake wanaupata karibu mara 3 kuliko wanaume. Mara nyingi unaanza wakati msichana anapovunja ungo, na unapita katika ukoo: bibi alikuwa nao, mama anao, binti anaupata. Ni ugonjwa wa neva. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, lakini utando unaoufunika unasikia, na neva kubwa ya uso pia. Kwa mtu wa migreni neva hiyo inaamka kwa urahisi. Si uvivu, si laana, na hakuna jirani aliyeutuma.

Munganga wana maswali matatu mafupi ambayo kila mama anaweza kujiuliza. Katika miezi 3 iliyopita, kichwa kilikuzuia kufanya kazi yako hata siku moja? Kinapouma, unasikia kichefuchefu? Kinapouma, mwanga unakusumbua? Ukijibu ndiyo kwa maswali mawili kati ya hayo matatu, inawezekana sana kuwa ni migreni. Hapo unakwenda kwenye kituo cha afya na jina mdomoni, si na kilio tu.

Kwa nini dawa za uongo zinaonekana kuponya

Hatukatai kwamba malaria inaumiza kichwa. Lakini malaria kwa kawaida inakuja na homa, na kuna kipimo cha tone moja la damu ambacho kinatoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Mama ambaye katika mwaka mmoja ametibiwa malaria mara 6, bila homa na bila kipimo, ana haki ya kuuliza: je, ilikuwa malaria kweli? Wengine wanatundikiwa serumu ya kinini, na kinini yenyewe inaleta milio masikioni na maumivu ya kichwa.

Tuelewe jambo hili vizuri, maana ndilo linalotudanganya. Migreni inaondoka yenyewe baada ya siku moja, mbili au tatu. Kwa hiyo chochote utakachofanya siku ya pili kitaonekana kimekuponya. Ukitundikiwa serumu, utasema ni serumu. Ukichanjwa chale kwenye panja, utasema ni chale. Ukibadilisha godoro, utasema ni godoro. Mwezi unaofuata kichwa kinarudi, unalipa tena. Na chale zina hatari yake: wembe mmoja uliopita kwa watu wengi unaweza kubeba virusi vya SIDA na vya homa ya ini.

Basi tutajuaje kama dawa imesaidia? Kwa kulinganisha. Mwezi huu siku ngapi, mwezi ujao siku ngapi. Hapo ndipo daftari linaingia.

Daftari la kichwa

Chukua daftari la kurasa chache, chora mistari. Kila siku kichwa kinapouma, andika mambo matano: tarehe, saa kilipoanza na saa kilipoacha, kiliuma kiasi gani (kidogo, cha kati, cha kulala kitandani), dawa uliyomeza na idadi ya vidonge, na mambo yaliyotangulia, yaani ulilala namna gani, ulikula au la, na kama damu ya mwezi ilikuwa karibu.

Mama asiyeandika asibaki nyuma. Atafute chupa mbili tupu. Siku kichwa kilipouma, anatia punje moja ya mahindi katika chupa ya kwanza. Siku alipomeza dawa ya kichwa, anatia haragi moja katika chupa ya pili. Dawa yoyote, hata kidonge kimoja, ni haragi moja kwa siku hiyo. Mwisho wa mwezi mtoto wa darasa la 3 anahesabu, na mama ana namba mbili: siku za maumivu na siku za dawa. Namba hizo mbili zinamsaidia muuguzi kuliko maelezo ya saa nzima.

Tuchukue mfano. Tuseme mama anauza sambaza sokoni, na kichwa kinamshika mara 5 kwa mwezi, siku 2 kila mara. Hizo ni siku 10 kwa mwezi, siku 120 kwa mwaka: miezi 4 ya soko. Bado hatujahesabu posho ya watoto iliyokosekana, likelemba lisilolipwa, na mtoto aliyebaki nyumbani ili amwangalie mdogo wake. Mama huyo akisema “kichwa kinaniuma kidogo kidogo”, hakuna atakayeshtuka. Akisema “siku 10 kwa mwezi”, muuguzi ataweka kalamu chini na kumsikiliza.

Namba zinasomwa hivi. Ukiwa na siku za maumivu chini ya 4 kwa mwezi, kazi yako ni kujifunza kutibu vizuri kila shambulio. Ukiwa na siku 4 au zaidi, na zinakuangusha kitandani, umefika wakati wa kuuliza dawa ya kuzuia, ile inayomezwa kila siku. Na kama chupa ya haragi imejaa kuliko ya mahindi, au inakaribia 10, soma sehemu inayofuata mara mbili.

Mtego wa vidonge

Hii ndiyo habari ambayo wamama wengi hawajaisikia, na ndiyo iliyotufanya tuandike. Dawa ya kichwa, ikimezwa mara nyingi mno, inaumiza kichwa.

Mwili unaizoea. Ikiisha nguvu asubuhi, kichwa kinauma kwa kuidai. Mama anameza tena, kinatulia, jioni kinadai tena. Baada ya miezi kadhaa, kichwa ambacho kilikuwa kinauma siku 5 kwa mwezi kinauma siku 20, na mama anasema ugonjwa umezidi. Kumbe sehemu kubwa ya maumivu hayo sasa inatoka ndani ya vidonge.

Mpaka wenyewe unajulikana. Kwa parasetamol, aspirini au ibuprofeni peke yake, hatari inaanza ukizitumia siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa muda wa miezi 3 na kupita. Kwa vidonge vilivyochanganywa, vyenye dawa mbili au tatu na kafeini ndani yake, na kwa tramadol na vile vya ergotamini, inaanza kwenye siku 10 tu. Ili tusikaribie mpaka huo, tushike kanuni rahisi: dawa ya kichwa isizidi siku 2 katika juma.

Tunajua vidonge hivyo vilivyochanganywa vinapendwa, kwa sababu vinafanya kazi haraka na vinauzwa kila kona. Tunajua pia kwamba tramadol inauzwa kimyakimya bila karatasi ya munganga. Tramadol si dawa ya migreni. Inaongeza kichefuchefu, inamfunga mtu kama kilevi, na ndiyo inayomwingiza mapema katika mtego huu. Ukiongeza kwamba ibuprofeni nyingi inachoma tumbo na kuchosha figo, na parasetamol iliyozidi inaua ini, utaona kwamba kidonge cha kona si cha bei ndogo.

Kutoka kwenye mtego kunawezekana. Anayetumia parasetamol au ibuprofeni anaweza kuacha kwa siku moja, lakini amwambie muuguzi kwanza. Anayetumia tramadol asiache ghafla; apunguze polepole chini ya macho ya munganga. Siku za kwanza, kuanzia 2 hadi 10, kichwa kitazidi, usingizi utapotea, utakuwa na hasira. Chagua juma ambalo dada au binti mkubwa yuko nyumbani. Baada ya hapo kinaanza kupungua, na kwa wengi ndani ya miezi 2 daftari linaonyesha tofauti kubwa.

Siku kinapokushika

Jambo la kwanza ni kuwahi. Wengi wetu tunavumilia mpaka jioni ili kuokoa kidonge, kisha tunameza vitatu kwa vipande. Wakati wa migreni tumbo linalala. Dawa iliyochelewa inakaa tumboni bila kuingia katika damu. Ukijua kwa hakika kwamba ni kichwa chako kile, meza mapema, katika saa ya kwanza, na meza kipimo kamili.

Kwa mwanamke mzima asiye na mimba wala vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula kidogo inasaidia wengi. Asiyeweza ibuprofeni anaweza kutumia parasetamol miligramu 1000, yaani vidonge 2 vya 500, na asizidishe vidonge 8 kwa masaa 24. Mwenye tansio amuulize munganga kabla ya ibuprofeni. Aspirini inafanya kazi pia kwa watu wazima, lakini watoto wasipewe kabisa.

Kama unatapika, mwambie muuguzi, maana kuna dawa ya kuzuia kutapika, metoklopramidi, ambayo pia inaliamsha tumbo ili dawa ya maumivu iingie. Na kwa wale ambao vidonge hivi havitoshi, kuna dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya migreni yenyewe, inaitwa sumatriptani. Tangu 2021 iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Haipatikani kila mahali, na haifai kwa mwenye ugonjwa wa moyo au tansio isiyotulia, lakini ni vizuri kujua jina lake ili umuulize munganga.

Pamoja na dawa: chumba chenye giza, kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, maji ya kunywa kidogo kidogo, na usingizi. Tunajua usemi wa wengi: “Chumba chenye giza nitakipata wapi, nyumba ni vyumba viwili?” Ndiyo maana tunataka mume na watoto wasome ukurasa huu pia. Masaa mawili ya kimya siku ile ya kwanza yanaweza kuokoa siku mbili zinazofuata.

Kuzuia kabla hakijaja

Mtu wa migreni ana kichwa kinachopenda mazoea. Kulala kidogo kunakiamsha, na kulala kupita kiasi siku ya mungu pia. Njaa inakiamsha sana: mama anayetoka alfajiri kwenda kupokea bidhaa na kula bugali saa kumi za jioni anakiita mwenyewe. Ndizi moja au uji kabla ya kutoka ni sehemu ya matibabu. Maji pia. Wale wanaofunga kwa maombi kavu, bila chakula wala maji, waongee na kiongozi wao wa kanisa wapate namna nyingine, kwa sababu wengine wanalala chini kila wanapofunga. Kasiksi na pombe nyingine, jua kali, harufu kali, na kafeini ya kuzidisha au ya kuacha ghafla, vyote tuviangalie. Lakini si kila kitu kinamgusa kila mtu. Usijinyime haragi, mayai na samaki kwa kusikia tu. Angalia daftari lako linasema nini.

Neno moja juu ya makala. Mbabula iliyowashwa ndani ya chumba kilichofungwa inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Ikiwa kichwa kinawauma watu wote wa nyumba kwa pamoja, na kinapungua mkitoka nje, hiyo si migreni. Fungueni madirisha, toeni mbabula nje upesi. Hewa hiyo inaua watu usingizini.

Ikiwa siku bado ni nyingi, muulize munganga juu ya dawa ya kuzuia. Iliyo kwenye orodha ya OMS kwa kazi hiyo ni propranolol, dawa ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya moyo katika miaka ya 1960. Inamezwa kila siku, hata siku usipoumwa. Haifai kwa mwenye pumu, na haiachwi ghafla. Nyingine ni amitriptilini kwa kipimo kidogo jioni. Inaleta usingizi na kukausha mdomo, na inawafaa zaidi wale wanaokosa usingizi. Dawa hizi hazionekani kazi yake kwa siku 3. Zinahitaji miezi 2 hadi 3, na mama wengi wanaziacha juma la pili wakisema hazifai. Kipimo cha ushindi ni hiki: siku 10 zikawa 5. Nusu ya siku zako ukirudishiwa, dawa imefanya kazi.

Kuna dawa nyingine ya kuzuia, valproati, ambayo inajulikana zaidi kwa kifafa. Hiyo inaweza kuharibu mtoto tumboni. Mwanamke anayeweza kupata mimba asiikubali kwa migreni, aombe nyingine.

Damu ya mwezi, uzazi wa mpango, mimba

Daftari likionyesha kwamba kichwa kinakuja siku 2 kabla ya damu au siku 3 za kwanza, umepata ufunguo mkubwa. Kabla ya damu kushuka, homoni moja ya kike inapungua ghafla katika mwili, na upungufu huo ndio unaoamsha neva. Ukiijua tarehe, unajiandaa: unalala mapema, unaweka dawa tayari, hupangi safari ya soko la mbali siku ile. Wengine munganga anawapa dawa ya kumeza siku hizo chache tu.

Sasa turudi kwa wale wanaoona mistari inayometameta kabla ya maumivu. Kama ni wewe, usitumie vidonge vya uzazi wa mpango vilivyo na homoni mbili, estrojeni na projesteroni. Kwa mwanamke mwenye ishara hizo, vidonge hivyo vinaongeza hatari ya damu kuganda na kuziba mshipa wa ubongo, na mtu kupooza upande mmoja. Kuvuta sigara kunaongeza tena. Hii haina maana uache uzazi wa mpango. Vijiti vya mkononi, kitanzi, na vidonge vya homoni moja vipo. Mwambie muuguzi kabla hajakupa: “Ninaona taa kabla ya kichwa kuuma.” Wengi hawaulizi, basi tuseme wenyewe.

Wakati wa mimba, wamama wengi wanapumzika na migreni, hasa kuanzia mwezi wa 4. Ikija, parasetamol ndiyo dawa. Ibuprofeni na ergotamini, hapana. Lakini kichwa kipya na kikali baada ya miezi 5 ya mimba, au katika majuma ya kwanza baada ya kuzaa, kisiitwe migreni kabla tansio haijapimwa. Kama macho yanaona ukungu, uso na mikono vimevimba, au tumbo linauma juu karibu na mbavu, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Ugonjwa huo wa tansio ya mimba unaua mama na mtoto.

Kichwa kisichosubiri daftari

Kuna vichwa vingine ambavyo havihesabiwi, vinakimbizwa. Kichwa kilichoanza kwa ghafla, kwa nguvu yote ndani ya dakika moja. Kichwa chenye homa na shingo ngumu. Kichwa chenye mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kupotea. Kichwa baada ya kuanguka au kupigwa. Kichwa chenye degedege au akili kuchanganyikiwa. Kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50, au kinachozidi siku kwa siku bila kupumzika. Na kichwa kwa mtu anayeishi na virusi vya SIDA, ambacho hajawahi kukipata. Hapo usimeze, usichanjwe, usingoje asubuhi.

Tufanye nini sasa

Tunawaomba vikundi vyote vifanye jambo moja mwezi huu. Kwenye mkutano ujao, kila mama anayeumwa kichwa aje na daftari au chupa zake mbili, aanze siku hiyo. Mwisho wa mwezi wa kwanza tusimlazimishe mtu kusoma namba zake mbele ya watu, atakayetaka aziseme. Wale wenye siku 4 na zaidi, au haragi 10 na zaidi, waende pamoja kwenye kituo cha afya siku moja, na mama mmoja wa kikundi awasindikize. Mama mmoja akilia kichwa, wanamwambia apumzike. Wamama watano wenye madaftari watano wanapimwa tansio, wanaulizwa maswali, na wanaandikiwa.

Na sisi walimu tutafanya upande wetu darasani. Msichana wa miaka 12 anayelaza kichwa kwenye dawati kila mwezi, akifunika macho kwa mikono, hatutamwita mvivu kabla ya kumuuliza yale maswali matatu, na tutawaita wazazi wake. Tunawaomba ninyi pia nyumbani: kama mama alikuwa nacho, binti asiambiwe anajifanya. Apewe daftari lake.

Juma lijalo, wale walioanza kuhesabu watuletee maswali yao. Tutayajibu hapa hapa, moja baada ya lingine.